Mafuta na Mgonjwa wa Saratani

Mafuta ni chakula chenye nguvu kupita vyakula vyote. Gramu moja yake huupa mwili kalori 9, hali gramu ya wanga hutoa 4 tu. Lakini mafuta hayo hayo, yatiwapo katika chupa ndogo yakaitwa dawa ya saratani, huweza kumpoteza mtu. Yakupasa, msomaji, kujua tofauti ya mambo haya mawili.

Sisi wakazi wa Ruiru na Thika si wageni wa mafuta. Mmakadamia ulipandwa karibu na Thika mwaka 1946, nao asili yake ni Australia. Kokwa zake zimejaa mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, iliyomo pia katika parachichi. Ni vyakula bora. Lakini ubora wa chakula haukifanyi kuwa tiba.

Jirani yangu mmoja wa Ruiru, mama wa makamo, alipopatwa na saratani, alijiwa na mchuuzi aliyemhakikishia kuwa mafuta ya samaki yangemponya. Fedha ya nauli ya hospitali ikawa bei ya chupa. Aliporejea kwa daktari, miezi ilikuwa imepita na uvimbe umekua. Fedha huweza kutafutwa tena. Miezi ile haikurudi.

Usidhani kuwa tumaini hilo ni la wachuuzi peke yao. David Horrobin, aliyekuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitumaini mengi kutokana na asidi ya gama-linoleni, ipatikanayo katika mbegu za ua moja lichanualo jioni. Katika maabara asidi hiyo iliua seli za saratani. Lakini mwili wa mtu si sahani ya kioo. Dawa iliyotengenezwa kwayo ilijaribiwa kwa wagonjwa 278 wa saratani ya kongosho, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 hayakuonyesha kuwa iliwarefushia maisha. Horrobin mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 2003. Tena, mwaka 2018, jaribio la Marekani lenye watu zaidi ya 25,000 lilionyesha kuwa mafuta ya samaki hayakupunguza idadi ya waliopatwa na saratani.

Je, mafuta hayana kazi kwa mgonjwa? Yanayo, tena kubwa. Saratani na matibabu yake aghalabu huondoa hamu ya kula, mwili ukakonda. Na aliyedhoofika mno huenda asistahimili dawa. Kwa mtu awezaye kumeza vijiko vichache tu, kipande cha parachichi, au kijiko cha mafuta katika uji, humwongezea nguvu pasipo kumjaza tumbo. Hii ndiyo heshima ya mafuta: humsaidia mgonjwa kuivumilia tiba, wala hayashiki mahali pake.

Basi, akiugua mtu wa nyumbani kwenu, mpikie vizuri, umwulize daktari kila kitu anachotaka kumeza, nawe umsindikize hospitali siku yake ifikapo. Akija mwenye chupa, mwulize swali moja: ni wagonjwa wangapi waliojaribiwa, na wangapi walipona?