Tafakari ya Juma: Kambale Asiye na Alama ya Ndoano



Wapendwa waamini, wengi wenu mmekwisha kusikia habari za mashindano ya kuvua samaki yaliyofanyika Jumamosi ya juma lililopita katika Mto Ruvu, na baadhi yenu mlikuwapo kanisani kesho yake tulipoyasema tuliyoyasema. Kwa kuwa habari ikipita midomo mingi hubadilika sura, tumeona ni vema tuieleze hapa kwa utaratibu, kisha tuitafakari pamoja.

Wazo la mashindano lilitoka kwa Halmashauri ya Walei. Zilipangwa timu nne za watu watano watano: WAWATA, UWAKA, vijana wa VIWAWA, na timu ya watumishi wa parokia, ambayo sisi paroko wenu tulikuwa mmoja wake. Kila mshiriki alitoa shilingi 10,000, jumla 200,000, na ikakubaliwa kwamba timu itakayoshinda ndiyo itakayochagua fedha hizo zifanye kazi gani. Akina mama walisema mapema kwamba wao watanunua sare za shule kwa watoto yatima wa jumuiya zetu. Sisi watumishi tulisema tunataka vipaza sauti vipya, maana vya sasa mnavijua wenyewe jinsi vinavyokoroma.

Wapo waliouliza kwa nini twende mpaka Ruvu, na bahari tunayo jirani. Tuliwajibu kwamba mto ule unatuhusu kuliko tunavyodhani. Hutoka katika milima ya Uluguru, hushuka mpaka baharini karibu na Bagamoyo, na maji yake, yakiisha kusafishwa katika mtambo wa Ruvu Chini, ndiyo yanayotufikia kwa mabomba sisi tunaokaa Tegeta, Boko na Bunju. Mwaka 2022 kina cha mto kiliposhuka na jiji likaingia katika mgawo wa maji, tulijifunza kwa foleni za ndoo kwamba maisha yetu yanategemea mvua inyeshayo Uluguru. Hata maji tunayowabatizia watoto wetu ni ya Ruvu. Basi tulitaka watu wayaone yanakotoka.

Tuliondoka alfajiri kwa basi dogo, tukavuka Mto Mpiji, tukapita Mapinga na Kerege, tukaingia Bagamoyo, mji ambao mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 kutoka Zanzibar na kuanzisha misioni. Tulisali mle garini fungu la furaha la Rozari, tukaendelea mpaka mtoni, ambako viongozi wa kijiji walikuwa wamekwisha kuturuhusu. Mzee mmoja mwenyeji alituonyesha mahali pa kusimama, hatua kadhaa kutoka ukingoni, kwa sababu ya mamba. Akatuambia, "Baba Paroko, hapa unavua na wewe unavuliwa." Tulicheka, lakini hakuna aliyesogea mbele tena.

Sharti zilikuwa chache. Kuvua ni kwa fimbo, mshipi na ndoano tu, chambo ni minyoo, nyavu haziruhusiwi. Samaki mdogo kuliko kiganja arudishwe majini akiwa hai. Mahali pa kila timu palipatikana kwa kura, jinsi Mitume walivyopiga kura alipopatikana Mathia. Uvuvi ungeanza saa mbili asubuhi na kukoma saa nane mchana, na samaki wote wa timu wangepimwa pamoja katika mizani moja. Katika nchi kama Uingereza mashindano ya namna hii ni mchezo wa siku nyingi. Nako wavuvi hupewa nafasi zao ukingoni kwa kura, na ushindi huamuliwa kwa uzito.

Samaki waliotoka siku ile walikuwa perege na kambale. Tuliwaeleza vijana jambo ambalo liliwapendeza: katika Ziwa la Galilaya, mahali Bwana alipowaita wavuvi wake wa kwanza, wamo perege wa jamii moja na hawa wetu, na wageni wanaokwenda kuhiji huko huandaliwa kwa jina la samaki wa Mtakatifu Petro. Kambale pia yumo, tena ni aina ile ile tunayoivua hapa kwetu. Kwa kuwa hana magamba, Sheria ya Musa ilimkataza Myahudi kumla (Walawi 11), na wako wafafanuzi wa Maandiko wanaoona kwamba huenda yeye ni miongoni mwa samaki wabaya waliotupwa katika ule mfano wa juya (Mathayo 13:47-50). Wakati tunasema hayo hatukujua kwamba kabla ya jua kugeuka kambale huyo huyo angetufundisha sisi.

Kufikia saa saba mchana ndoo yetu ilikuwa na perege wengi wadogo na kambale wawili wa kawaida. Ya akina mama ilionekana kujaa zaidi. Walikaa kimya wakivuta mishipi, na kila walipopata samaki walipiga kigelegele kimoja, wakanyamaza. Kwetu kulikuwa na kelele, na mishipi yetu ilisokotana mara mbili.

Hapo mmoja wa timu yetu akaaga kwamba anakwenda kichakani kidogo. Alikwenda upande wa juu wa mto, penye kona, ambako wavuvi wa kijiji walikuwa wakitoa nyavu zao. Alikaa kitambo. Aliporudi alipitia nyuma yetu, akatwaa fimbo yake, na mara tukamsikia anapiga kelele kwamba amepata. Mkononi alikuwa na kambale mkubwa, mzima, anajipinda kwa nguvu. Kambale, kama mjuavyo, anaweza kuvuta hewa ya nchi kavu, kwa hiyo hukaa nje ya maji muda mrefu bila kufa. Hakuna aliyeweza kusema kwamba samaki yule hakutoka mtoni dakika ile ile.

Sisi ndio tuliompokea ili kumtia ndooni. Tulimtazama kinywani: hapakuwa na jeraha la ndoano. Nyuma ya kichwa palikuwa na mstari uliobonyea kuzunguka mwili, alama ya uzi wa wavu. Yule ndugu alitutazama usoni, nasi tukamtazama. Akasema, "Baba, Mungu ametupatia."

Tukajibu, "Amina."

Neno hilo tunalisema altareni kila siku. Siku ile tulilitumia kufunikia kambale. Tena tulimpangusa tope, tukamtia ndooni, na wenzetu wengine wakashangilia bila kujua chochote.

Mizani ilipowekwa, yule kambale alipimwa kwanza peke yake kwa ajili ya kushangiliwa: kilo tatu. Kisha timu yetu ikapata jumla ya kilo 9.4, akina mama kilo 7.1, na wengine wakafuata. Hesabu ni nyepesi. Bila yule mmoja tungekuwa na kilo 6.4, na kombe lingekwenda kwa WAWATA. Mwenyekiti wao alikuja kutushika mkono kwa heshima, akatupongeza, akaenda kuwasaidia wenzake kukunja mikeka. Tulirudi garini watu wakiimba. Sisi nasi tuliimba.

Usiku, katika kusali Sala ya Usiku ya Kanisa, ambayo huanza kwa kuchunguza dhamiri, tuliikuta akili yetu ikijitetea vizuri sana. Ilisema kwamba sisi hatukununua samaki. Ilisema timu ndiyo iliyoshinda, si mtu. Ilisema fedha zinakwenda kwenye vipaza sauti vya kanisa, si mfukoni mwa yeyote. Kila sentensi ilianza na "sisi" au "timu", na ndani ya neno hilo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuulizwa. Kisha tukafika kwenye Nakuungamia, na hapo utetezi ukakwama.

Angalieni, wapendwa, jinsi Kanisa lilivyo na hekima katika maneno yake. Baba Yetu husaliwa kwa wingi, hata na mtu aliye peke yake chumbani kwake. Nakuungamia husaliwa kwa umoja, hata na kanisa lililojaa watu elfu. Tunapoomba mkate tu familia, lakini tunapoungama kila mtu anasimama na jina lake. Na tunapofika kwenye maneno ya kosa, kila mmoja hujipiga kifua chake mwenyewe. Hatujapata kumwona mwamini anayempiga kifua jirani.

Mtakatifu Petro aliijua siri hii, naye alikuwa mvuvi wa timu. Luka anatuambia kwamba Yakobo na Yohane walikuwa washirika wake, na nyavu zilipozidiwa, ilibidi waliokuwa katika chombo cha pili waitwe kuja kusaidia (Luka 5:1-11). Samaki wale walikuwa wa wote. Lakini Petro alipoanguka magotini pa Yesu, hakusema kwamba wavuvi wa Galilaya ni watu wenye dhambi. Alijitaja yeye. Na huyo Petro, baadaye, aliletewa shauri la Anania na Safira, mume na mke waliopatana kuficha sehemu ya bei ya shamba (Matendo 5:1-11). Walidanganya pamoja, ila aliwauliza kila mmoja kwa wakati wake. Mapatano yao hayakumsaidia hata mmoja kujibu.

Usiku ule ule tulimpigia simu yule ndugu wa timu yetu. Hatukumpigia kumlaumu, bali kumwomba radhi, kwa sababu ile "Amina" yetu ilimfanya aone kwamba jambo lake limepata baraka ya padre. Mengine tuliyozungumza ni yake na Mungu wake, nasi tunawasihi sana msimtafute wala msiwahesabu wanne waliokuwa nasi. Aliyepewa jukumu la kuwalinda ninyi na uongo siku ile alikuwa paroko, na paroko ndiye aliyenyamaza.

Ndiyo maana Dominika, kabla ya Nakuungamia, tulisema mbele yenu kwamba tuliona alama ya wavu, tukanyamaza, na kombe si letu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya ukweli linadai malipizi, hata pale mkosaji amekwisha kusamehewa. Kwa hiyo fedha zile zimekabidhiwa kwa WAWATA kwa ajili ya sare za watoto. Vipaza sauti vitaendelea kukoroma kwa muda.

Baada ya Misa, mwamini mmoja mwenye umri na busara alitujia sakristia akiwa na uchungu. Alisema tumejidhalilisha, kwamba samaki mmoja si jambo la kusemewa kanisani, na kwamba heshima ya padre ni heshima ya Kanisa. Tulimsikiliza kwa adabu, kwa maana hoja yake si ndogo, na kweli si kila udhaifu wa mtu ni wa kutangazwa. Ndiyo sababu tunayo Sakramenti ya Kitubio. Lakini uongo huu ulisemwa hadharani na ulichukua haki ya watu hadharani. Na heshima inayotunzwa kwa kumficha kambale mmoja, kesho itadai afichwe wa pili.

Kisha alikuja mwenyekiti wa WAWATA. Tulidhani anakuja kushukuru. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, tuliiona ile alama pale mizanini. Tulikuwa tunakungoja." Hatukuwa na la kumjibu. Tungali tunafikiri ingekuwaje kama wangengoja mwezi, au mwaka, huku wanapokea Komunyo mikononi mwetu kila Dominika na kujua wanachokijua.

Wapendwa, wengi wetu tumo katika vikundi: vikoba, kamati za harusi na za misiba, ofisi, vyama vya ushirika, hata halmashauri za parokia. Vikundi ni baraka. Lakini hesabu zinapopungua husemwa, "kamati iliamua". Mjane anapodhulumiwa husemwa, "ukoo ulikaa". Dominika hii, tutakapofika kwenye Nakuungamia, tuusikilize mkono wetu unapogonga kifua, na kila mmoja ajiulize: katika yale niliyoyafanya na wenzangu, lipi nililiona kwa macho yangu nikaitikia "Amina"?

Mashindano mengine yatafanyika mwakani, Mungu akipenda, mtoni kule kule. Akina mama wameomba safari hiyo mizani ishikwe na wao, nasi tumekubali.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu