Pango la Mtakatifu Benedikto na Mashimo ya Marangu

Tukitoka Moshi mjini kwa njia ya Himo na kuupanda mlima mpaka Marangu, twapita kihamba baada ya kihamba: migomba, kahawa chini yake, maji ya mfongo pembeni, na ua wa masale kati ya jirani na jirani. Katika nchi kama hii ni vigumu kumsifu mtu akaaye peke yake. Walimu wajua taabu ya kuwaeleza watoto habari za Mtakatifu Benedikto, aliyeacha jamaa na masomo akakaa pangoni miaka 3.

Huko Marangu tulionyeshwa mashimo waliyochimba wazee chini ya ardhi zamani za vita, ili kuwaficha watu wao na ng'ombe. Mtu huingia kwa kuinama. Waliingia kwa hofu ya adui, nao waliingia pamoja. Benedikto, mzaliwa wa Norcia katika Italia, karibu na mwaka 480, aliingia pango la Subiaco bila mwenzi.

Lakini je, alikuwa peke yake kweli? Papa Gregori Mkuu, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba mtawa mmoja, jina lake Romanus, alijinyima mkate wake, akauteremsha jabalini kwa kamba ndefu yenye kengele ndogo. Kengele ikavunjika, Romanus hakuacha. Siku moja ya Pasaka padre mmoja, akiwa amekwisha kujiandalia chakula, alimtafuta mabondeni hata akampata, wakala pamoja. Kisha wachungaji wakamwona vichakani, amevaa ngozi, wakamdhania mnyama. Walipomjua, watu walimletea chakula cha mwili, wakaondoka na cha roho. Mama wa mlimani apelekaye mkungu wa ndizi kwa jirani mgonjwa amwelewa Romanus kuliko sisi tunaoandika.

Naye Benedikto alipowaandikia watawa kanuni, hakuwaruhusu kukimbilia upweke: kwanza mtu ajaribiwe siku nyingi kati ya ndugu zake. Alifariki Monte Cassino karibu na mwaka 547. Juu ya pango lake pana nyumba ya watawa, na mahujaji hufika hata leo. Katika nchi yetu wanawe wako Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906. Sikukuu yake ni tarehe 11 Julai. Watawa wake hukumbuka kufa kwake tarehe 21 Machi.

Mwalimu atakayewapeleka watoto Marangu, na awaulize ni nani aliyewapelekea chakula waliojificha humo.