Magogo ya Bure, Kuni za Harusi



Tukikaa kuzungumza maandalizi ya harusi, huzungumza gauni, hina, singo, ukumbi na mapambo. Mie mwenyewe ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi, kwa hiyo gauni ni riziki yangu na siwezi kulisema vibaya. Lakini leo nataka tuzungumze kuni, maana biriani ya watu 400 haiivi kwa gauni.

Huku kwetu Unguja, hata mwenye jiko la gesi ndani, siku ya shughuli masufuria makubwa hutolewa nje yakapandishwa juu ya mafiga. Kuni ndizo zinazochemsha maji na kuivisha nyama, na makaa yake ndiyo yanayowekwa juu ya kifuniko kupalia wali. Kuni mbichi zikiingia jikoni, moshi unawaumiza wapishi macho na kifua, moto haushiki, na chakula kinachelewa wageni wakiwa wameshakaa mkekani.

Mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa, baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mahari yalikuwa yake mwenyewe bibi harusi, hayo hatukuyagusa. Chakula kilikuwa juu yangu mimi na kaka yangu. Tulipouliza bei ya kuni za kutosha shughuli nzima, tukaona zitakula sehemu kubwa ya fedha za nyama. Jamaa mmoja akatuelekeza kwenye mkopo wa haraka, unaoupata leo na kuurudisha kila wiki pamoja na ziada. Dada zangu, hiyo ni riba hata ukiipa jina zuri namna gani. Roho yangu ilikataa kabisa kumuingiza mdogo wangu kwenye ndoa kwa mlango huo.

Riziki ikatokea mtaa wa pili. Ilikuwa mwezi wa Rajab, na mwenye kiwanja alikuwa anasafisha ajenge nyumba. Mlikuwa na mivinje mitatu, mwembe mmoja na mnazi mkongwe. Aliyepewa kazi ya kukata alikuwa na shida ya pa kuyapeleka magogo, maana kuyapakia na kwenda kuyatupa mbali ni gharama kwake. Kaka akaenda kumsalimia na kumuuliza. Akajibu kwamba atatuletea mpaka nyumbani bila ya senti moja, kwa sharti moja tu: tuchukue yote, tusichague.

Kabla ya kukubali tulihakikisha mambo matatu, na wewe usiyaruke. Kwanza, tulisikia ruhusa kwa kinywa cha mwenye kiwanja mwenyewe, kwa sababu mkataji hawezi kutoa mali isiyo yake. Pili, tuliulizia kibali cha kukata miti na kusafirisha magogo. Kama hujui pa kuanzia, anza kwa sheha wako. Tatu, tuliangalia nafasi ya uani, kwa sababu gari ikishamwaga magogo huwezi kuyarudisha.

Mtihani mkubwa ulikuwa kwa mama. Alisema, "Watu wataona tumeshindwa hata kununua kuni, na harusi haijafika." Siku mbili akawa ananijibu kwa mkato. Sikumlaumu, heshima ya nyumba isiyo na baba ni kitu kizito. Nilikaa naye baada ya Alasiri nikamkumbusha mafundisho ya Mtume wetu (SAW), kwamba mtu kuchukua kamba yake akaleta mzigo wa kuni mgongoni na kuuuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu. Nikamkumbusha pia mke wa Abu Lahab aliyetajwa katika Suratul Masad kuwa mbebaji kuni, na kwamba wako wafasiri walioeleza kuwa kuni zake zilikuwa fitina alizokuwa akizipeleka huku na huku. Nikamwambia, "Mama, wa kumuogopa ni anayebeba maneno. Sisi tunabeba kuni za halali." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza gari inakuja lini.

Magogo yalipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kuyatenga. Mvinje ni kuni bora, mzito, moto wake mkali na makaa yake yanakaa. Mwembe ni mwepesi na unaungua haraka, huo tukauweka kwa kuchemshia maji na chai. Utomvu wake unawasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Mnazi shina lake ni nyuzi tupu, halichanjiki vizuri. Tuliulaza chini ukawa msingi wa kupangia kuni nyingine zisiguse ardhi.

Kisha nikatoa futi yangu ya kupimia nguo na chaki ya fundi. Nilikwenda kwa mpishi kupima mafiga na sufuria zake, nikaweka alama kila sentimita 45. Kuni ndefu mno hutokeza nje ya mafiga, watu wakajikwaa, na fupi mno hazifiki katikati. Tukakodi mwenye mashine ya kukatia miti kwa nusu siku, yeye akafuata chaki yangu. Baada yake wakaja vijana wawili wa mtaani na mashoka na kabari.

Mvinje unachanjwa ukiwa bado mbichi, ukishakauka unakuwa mgumu mno. Na hapo niliona ufundi wetu unafanana. Kitambaa kina uzi wake, ukikata kwa kuufuata kinakutii, ukienda kinyume kinakusumbua. Mti nao una uzi wake. Vijana walianza na nyufa zilizojionesha kwenye uso wa gogo, na gogo kubwa walilichanja kutoka pembeni, vipande vipande, hawakulipiga katikati. Penye fundo la tawi walipaacha, vigogo vile vikawa vya kuweka moto wa usiku.

Vijana wale niliwalipa siku ile ile kabla ya Magharibi, kwa sababu tumefundishwa kumpa mfanyakazi haki yake kabla jasho lake halijakauka. Harusi isiwe kisingizio cha kumfanyisha kazi mtoto wa mtu kisha ukamwambia malipo yake ni sahani ya biriani. Mpe fedha yake, na biriani umpe pia.

Kukausha nako kunataka akili. Mwaka ule Rajab iliangukia Januari, kwa hiyo tulipata jua la kaskazi na upepo wake. Tulizipanga mbali na ukuta wa nyumba kwa sababu ya mchwa, tukaacha nafasi hewa ipite kati yake. Masika yalipokaribia tukafunika juu tu, ubavuni tukaacha wazi, maana ukizifunika zote unyevu unabaki ndani. Utajua zimekauka ukiona nyufa vichwani, maganda yanabanduka yenyewe, na ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kavu. Unapozichukua angalia mkono unapouingiza, nge na tandu hupenda kujificha humo.

La mwisho ni la kifundi. Msikaribie mafiga na mabuibui na mitandio ya poliesta. Chukua kipande kidogo ukichome ndani ya sinia uone: pamba inageuka jivu, poliesta inayeyuka, na ikiyeyuka inagandia kwenye ngozi. Wapishi wetu wote niliwaomba wajifunge khanga za pamba na kuingiza ncha ndani.

Harusi ilikuwa Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Kuni zilishika kwa makumbi machache tu, na chakula kilitoka kwa wakati. Nilipopiga hesabu, malipo ya mashine, vijana na chai yao yalikuwa chini ya nusu ya bei tuliyotajiwa kununua. Kwa hiyo magogo yalikuwa ya bure, lakini kuni hazikuwa za bure. Tulizilipia kwa jasho, nafasi na miezi mitatu ya subira. Kilichobaki tulimgawia jirani yetu mjane, na mama ndiye aliyempelekea kwa mkono wake.

Bibi harusi wangu, ukitajiwa tarehe, uliza kuni kabla hujauliza rangi ya mapambo. Pita mtaani, ulizia nani anajenga, nani anasafisha kiwanja. Usione haya kupokea cha halali, na usikimbilie mkopo wa riba kwa kuogopa macho ya watu. Wageni walikula wakaomba dua wakaenda zao. Mdogo wangu ameingia kwake, na hakuna mtu anayetugongea mlango kudai.

Allah awape ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na azitie baraka shughuli zenu. Amin.