Ampea Ngapi?

Wengi wetu tulioko huku ughaibuni, tukishapata nafuu kidogo, fikra ya kwanza ni kujenga nyumbani. Tunatumiana picha za paa, za marumaru na za milango ya kuchonga. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi, kwa kazi yangu, nikishaingia ndani hutazama nyaya. Leo naomba niwaeleze habari za nyaya za jengo moja dogo, kwani naamini swali lililotusumbua sisi linazisumbua familia nyingi.

Ninaishi Fairfield, magharibi ya Sydney, na kazi yangu ni ufundi umeme katika maghala ya Wetherill Park, si mbali na nyumbani kwangu. Mengi ninayoyahudumia huhifadhi vyakula vya baridi, na yana jenereta za akiba. Ufundi nilianza kuusoma Unguja, Chuo cha Ufundi Karume. Huku ikabidi nisome tena mpaka nipate leseni, kwa vile sheria za New South Wales hazimruhusu asiye na leseni hata kubadilisha soketi ya ukutani.

Miaka michache iliyopita sisi ndugu wanne tulikubaliana kuchangia wodi ya wazazi ya vitanda sita katika kituo cha afya cha kijiji chetu, kusini ya Unguja, kwa jina la marehemu mama. Dada yetu mkubwa yuko Maskati, kaka yuko Toronto, na mdogo wetu wa kike amebaki nyumbani. Mimi nilipewa mchoro wa umeme.

Wasomaji wa Unguja hawahitaji kukumbushwa kwa nini umeme ulikuwa ndiyo mada yenyewe. Kisiwa kinapata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waya wa kwanza, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ulilazwa mwaka 1980. Mei 2008 njia hiyo iliharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na safari hii giza likaendelea mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama na watu wakarudi kwenye ndoo na visima. Shangazi yetu, aliyekuwa mkunga, alizalisha kwa mwanga wa tochi, na aliyeishika tochi hiyo ni mdogo wetu, akiwa bado msichana.

Kweli, mwaka 2013 waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi, na mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji likaanza kutoa umeme. Lakini hata bwawa liwe kubwa vipi, haliwezi kuifaa wodi ikiwa nguzo ya mwisho imeangushwa na upepo. Akiba haiozi, na sote wanne tulikubaliana kwamba jengo liwe na jenereta. Tulikotofautiana ni ukubwa wake.

Dada alitaka ya kVA 60. "Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "sitaki mja mzito aliye kwenye jengo la mama yetu ahisi kuwa umeme umekatika." Alitaka viyoyozi viendelee, maji ya moto yaendelee, kila kitu kiendelee. Kaka naye alikuwa amekwisha kununua Kanada mashine ya kuchemshia vyombo na mashine ya kufyonzea uchafu koo la mtoto mchanga, zote za volti 120, akasema tutaweka tu transfoma ndogo ya kushusha umeme.

Hapa nieleze kidogo. Umeme wa Australia na wa Tanzania ni sawa, volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Ukitoka Sydney na pasi yako, utakachobadilisha ni plagi tu. Kanada na Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Transfoma ndogo hushusha volti, lakini mizunguko haiigusi. Chombo cha kuchemsha hakijali mizunguko. Mota inajali: iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 ikipewa 50 huzunguka polepole, hupata joto, na siku moja huungua. Kwa hiyo ya kuchemshia nikaiwekea transfoma yake, na mashine ya mtoto nikamwomba kaka, kwa heshima zote, tununue nyingine ya mizunguko 50. Hakufurahi, lakini alikubali.

Ipo na transfoma kubwa, ile ya kwenye nguzo. Laini za kusambazia umeme kwetu Tanzania ni za volti 33,000 au 11,000, na jengo linahitaji 400 kwa njia tatu, ambazo ni 230 kwa kila njia moja. Transfoma ya kVA 50 inatoa kiasi cha ampea 72 upande wa jengo, na upande wa laini ya 11,000 inavuta chini ya ampea tatu. Ndiyo maana umeme husafirishwa ukiwa juu: volti zikiwa nyingi ampea zinakuwa chache, na waya mwembamba unatosha.

Jibu la mvutano wetu nilianza kuliona hapa hapa Fairfield. Mji huu una Wairaki wengi, na jirani yangu mmoja ni mtu wa Baghdad. Jioni moja nilikuwa na mchoro mezani, akaja na mikate, akautazama, akaniuliza, "Ampea ngapi?" Akanieleza kwamba kwao, kwa miaka mingi baada ya vita vya 2003, umeme wa serikali ulikuwa wa saa chache, na kila mtaa ulikuwa na mwenye jenereta aliyeuza umeme kwa ampea, kwa mwezi. Familia yake ilinunua ampea tano. Ampea tano kwa volti 230 ni kama wati 1,150: taa, feni, televisheni na friji. Kiyoyozi hakimo. Kila mwezi mama yake alikaa na watoto wakaamua kipi kitawaka, na pasi ikiwashwa friji inapumzishwa. "Sisi hatukujua kVA," alisema. "Tulijua ampea zetu ni za nini."

Usiku ule nilichukua karatasi nikagawa wodi mara mbili. Upande mmoja niliweka vitu ambavyo vikizimika mtu anaweza kufa: taa za chumba cha kuzalia, mashine ya oksijeni, ya kufyonzea, friji ya chanjo na dawa, pampu ya maji, na ya kuchemshia vyombo. Upande wa pili viyoyozi sita, hita za maji na mashine ya kufulia. Jengo zima lilikuwa kilowati 22. Upande wa kwanza peke yake haukufika 6.

Kisha nikauliza swali la 2010: itakuwaje giza likiwa la siku 90? Lita moja ya dizeli hutoa takriban yuniti tatu za umeme. Kuendesha jengo zima saa 12 kwa siku ni kama lita 88 kila siku, karibu lita 7,900 kwa miezi mitatu. Ukichagua vya lazima, ukaweka sola na betri kwa taa na friji, ukaiwasha jenereta saa sita tu za kusukuma maji, kuchemsha vyombo na kuchaji betri, ni lita 12 kwa siku, yaani 1,080. Aidha, jenereta kubwa inayobebeshwa mzigo mdogo haichomi dizeli yake vizuri. Masizi hujaa ndani na mashine huharibika. Nikapendekeza kVA 15, ambayo inatosha hata kwa ule mvuto mkubwa wa pampu inapoanza kuzunguka.

Nilipowasomea hesabu hiyo, dada alinyamaza. Aliyesema ni mdogo wetu. "Dada, shikamoo. Nyinyi mtanunua mashine, nashukuru. Dizeli nitaomba kwa nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu katika michango yetu yote hatukuwa tumetenga hata shilingi moja ya dizeli. Baada ya hapo tulikubaliana: jenereta ndogo, na fedha itakayobaki iwe mfuko wa dizeli, betri na matengenezo, mikononi mwake.

Jambo moja halikuwa la kujadiliwa, nalo ni swichi ya kubadilishia, ile mafundi wa kwetu wanaiita chenji-ova. Wako watu ambao umeme ukikatika huchomeka waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiipa 11,000 inatoa 400, na ukiirudishia 400 inapandisha 11,000 kwenye laini. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kuuawa na jenereta ya nyumba ambayo hata haioni. Swichi hiyo hukata njia moja kabla ya kufungua nyingine, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na maisha ya mtu.

Wala tusidhani kuwa haya ni matatizo ya nchi maskini. Tarehe 28 Septemba 2016, jimbo zima la Australia Kusini lilizimika kwa dhoruba. Katika hospitali moja kubwa mjini Adelaide jenereta ya akiba ilisita, na viinitete vya wanandoa waliokuwa wakitafuta watoto vikapotea. Kwenye maghala ninakofanya kazi, kinachokwamisha jenereta mara nyingi ni betri ya kuwashia, ambayo hakuna aliyeigusa kwa miezi. Kwa hiyo kwenye ukuta wa wodi tumebandika karatasi: kila mwezi jenereta iwashwe ikiwa na mzigo, na aliyeiwasha aandike jina lake.

Viyoyozi umeme ukikatika vinazima. Dada bado anasikitika, na namwelewa, kwani joto la Machi la Unguja analijua. Kwa ajili yake tumeongeza feni moja kwa kila kitanda, upande wa vile vya lazima. Nanyi mnaojenga nyumbani, kabla ya kuuliza bei ya jenereta, kaeni kwanza na yule atakayebaki nayo, mwandike pamoja vitakavyowaka na nani atanunua dizeli.