Kupanga Manzese

Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nimepata chumba Manzese, hakuna aliyeuliza kina ukubwa gani. Shangazi alipiga simu kutoka Muheza, na shikamoo yangu aliiitikia juu juu. "Mwanangu, Dar yote hiyo umekosa pa kukaa ila Manzese? Utaolewa na nani huko?" Kaka alitaja vibaka. Mama alinyamaza, na kimya chake ndicho kilichonielemea zaidi, maana mama akiridhia jambo huongea.

Wakati huo nilikuwa nakaa Chanika na kazi yangu iko Posta. Anayeijua njia hiyo hahitaji maelezo: unaamka saa kumi alfajiri, unagombea daladala, jioni unarudi giza limeshaingia na unakula huku unasinzia. Dalali alinionyesha chumba Kijitonyama. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake kuna mwezi mmoja wa dalali. Ningelipa, lakini ningekula nini? Manzese nilipata chumba na sebule kwa karibu nusu ya bei ile, luku yangu mwenyewe, na kituo cha mwendokasi kiko karibu. Tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016, mtu anayekaa kandokando ya Barabara ya Morogoro anafika Kivukoni wakati yule wa Chanika bado yuko kwenye foleni ya Gongo la Mboto.

Jina baya la Manzese si la kusingiziwa. Uwanja wa Fisi niliukuta, pale Manzese inapopakana na Tandale, na pombe zake za kienyeji, vyumba vya kukodi kwa muda mfupi na wanawake waliouza miili yao mchana kweupe. Wakabaji wapo. Nimekua nikisikia watu wakisema ni afadhali ukimbizane na magari barabarani kuliko kupanda lile daraja la waenda kwa miguu usiku. Sitaki kumfanya mtu aamini kwamba hayo ni maneno ya wenye majivuno tu.

Ila kabla ya kusaini nilitaka kujua jina hilo baya lilitoka wapi. Manzese ilijengwa na watu waliokuja mjini kutafuta kazi wakakosa viwanja. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968, kilikuwa hapo jirani, na mfanyakazi alihitaji pa kulaza mbavu. Alijenga alipoweza. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi ya namna hiyo ikaamua kuyaboresha, na katikati ya miaka ya 1970 mradi uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia ulipitisha barabara na maji Manzese. Mradi huohuo ndio uliopima viwanja vya Sinza. Hapo ndipo panaponiuma. Sinza na Manzese zimetoka katika mpango mmoja; moja ilipimwa ikiwa bado tupu, nyingine ilirekebishwa watu wakiwa tayari ndani. Leo Sinza nako kuna gesti kila kona, na baa ambazo nje yake wasichana husimama mpaka usiku wa manane. Lakini ukimwambia shangazi umehamia Sinza, atakuuliza kodi ni shilingi ngapi. Tunayaita makazi mabaya yale ambayo uchafu wake hauna ukuta wa kuufichia.

Nilikwenda kuona chumba mchana, kisha nikarudi usiku, kwa sababu dalali hawezi kukuonyesha usiku. Kwenye kona ya kuingilia mtaani kulikuwa na mama anakaanga chapati. Nilinunua mbili nikakaa kwenye benchi lake, na nilipomweleza kwamba nataka kupanga hapo ndani, hakunisifia mtaa wala hakuniogopesha. Alishika mwiko akaanza kunielekeza nao. "Kichochoro hicho cha kushoto, ikifika saa nne usipite, hata kama unamjua nani. Hicho cha msikitini pita saa yoyote, vijana wanaokaa pale wanatujua. Ukichelewa, shukia kituoni unipigie, nitamtuma mwanangu." Kisha akaniuliza kabila langu, kazi yangu, na kama nina mtoto. Kwa dakika chache nilijua kuhusu Manzese mambo ambayo ukoo mzima haukuweza kuniambia, kwa kuwa ukoo ulikuwa unaniambia kuhusu Manzese yote, na hakuna mtu anayeishi Manzese yote. Mtu anaishi kwenye nyumba moja, anapita njia mbili tatu, kwa saa fulani.

Nilihamia. Mama mwenye nyumba alinipeleka kwa mjumbe, mzee mmoja anayeandika wapangaji kwenye daftari la kaunta, akanitaka barua ya mtaa nilikotoka. Chanika nilikaa muda mrefu na hakuna aliyewahi kuniuliza barua.

Jambo ambalo sikulitarajia lilihusu kodi. Nilifurahia kodi ndogo bila kujiuliza kwa nini ni ndogo. Jina baya ndilo linaloishusha, na nafuu ninayoipata mimi kuna mtu anailipia. Nyumba yetu ina mpangaji mwenzangu ambaye nilipohamia alifanya kazi zake Uwanja wa Fisi. Simtaji, na anavyonisalimia asubuhi akirudi, mimi nikitoka, ni kwa adabu kuliko watu wengi wa ofisini kwetu. Ana binti wa sekondari. Jumapili jioni huyo binti hupiga pasi ya mkaa uani, sketi yake ya shule ameitandika juu ya khanga iliyokunjwa, anafuata marinda moja moja bila haraka mpaka yasimame. Siku moja alikuwa anajaza fomu akaniomba kalamu. Palipoandikwa makazi aliandika "Ubungo". Hakudanganya, kwa sababu tangu Ubungo ikatwe kutoka Kinondoni, Manzese iko wilaya hiyo. Lakini alitazama juu kuona kama nimeona. Mimi nikipandishwa mshahara nitahama kesho, na Manzese itabaki hadithi ya kusimulia. Yeye analibeba jina hilo darasani, na mvulana yeyote mwenye mdomo anaweza kumrushia.

Na misako inapopita, wanaopakiwa kwenye magari ni wanawake. Wanaume waliowafuata, wengi wao wakitoka mitaa yenye mageti, huwaoni. Hilo limenikasirisha kuliko kelele za vigodoro, kuliko maji ya mtaroni mvua ikinyesha, kuliko hata ile asubuhi tuliyomkuta kijana wa watu amepigwa kabali kwenye kile kichochoro cha kushoto, simu imekwenda na jino limekwenda. Kichochoro hicho hakikuwa na taa. Tulichanga kwenye nyumba za jirani, tukaweka taa mbili, na mama wa chapati ndiye aliyekusanya fedha.

Sasa mdogo wangu amepata kazi hotelini, zamu yake inaisha saa sita usiku, na ameniomba nimtafutie chumba hapahapa. Nimemkatalia. Alikasirika: "Mbona wewe unakaa, dada? Au ukishakaa wewe ndiyo pameshakuwa pabaya kwa wengine?" Nilimjibu kwamba mimi saa moja niko ndani na njia yangu ina watu. Saa yake yeye mama wa chapati ameshafunga, vijana wa msikitini wamelala, na waliobaki macho ni wale ambao kaka aliwataja. Tumepata chumba Magomeni, kidogo kuliko changu, mlango wake unatazama barabara yenye taa. Kodi inamzidi, kwa hiyo tofauti tunachangia mimi na kaka. Akipangiwa zamu ya asubuhi tutaongea upya, kwa kuwa mama mwenye nyumba wangu ana chumba kitakachokuwa wazi mwezi wa kumi na mbili, na nimeshamwomba asimwambie dalali kwanza.