Mafia: Kisiwa Kilichonirudisha kwenye Usukani

Wapo akina dada wengi pale Dar wenye leseni kwenye pochi na gari uani, lakini kila asubuhi wanaita bajaji. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Niliacha zamani, nimeshasahau." Shosti, hujasahau. Ujuzi hauzeeki. Kinachozeeka ni ule ujasiri wa kuingia barabarani, na ujasiri huo haurudi pale Ubungo saa mbili asubuhi, daladala likiwa nyuma yako linapiga honi kama vile mna kesi mahakamani. Unahitaji mahali palipotulia. Mimi nilipapata Mafia.

Tulipooana, nyumbani palikuwa na gari moja na dereva mmoja, na dereva hakuwa mimi. Hapakuwa na ugomvi wowote. Mwenzangu alipenda kuendesha, mimi nikapenda kuendeshwa, miaka minane ikayeyuka hivyo hivyo. Kisha Serikali, ambayo mwaka 2016 ilitangaza kuhamia Dodoma, ikafika zamu ya ofisi yake. Tukawa familia ya wikiendi, kama zilivyo nyingi siku hizi. Gari likabaki Dar. Usiku mmoja mtoto wetu, ambaye ana pumu, akabanwa kifua. Nilisimama naye getini dakika ishirini na tano nikisubiri teksi, na nyuma yangu gari limeegeshwa, lina mafuta, funguo ziko kwenye pochi. Mtoto alipata nafuu, namshukuru Mungu. Wiki hiyo hiyo nikahuisha leseni, halafu nikakata tiketi ya ndege.

Kwa nini Mafia? Ni karibu, kwanza. Kutoka Dar kwa ndege ndogo ni kama nusu saa tu, unapita juu ya delta ya Rufiji, mara unaona minazi na uwanja wa Kilindoni. Pili, ni padogo. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilometa 50 hivi, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 66,000 katika wilaya nzima. Hakuna foleni, hakuna taa za kuongozea magari, hakuna anayekutukana kupitia dirishani.

Pale Kilindoni nilikodi Suzuki ya zamani, gia za mkono, pamoja na mzee mwenye kuiendesha, kwa makubaliano kwamba yeye akae kiti cha pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe unayetaka kufundishwa?"

"Sifundishwi, mzee. Nakumbushwa tu."

Akacheka, akanipa funguo. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Mzee hakusema neno, alikuwa anatazama nje kama mtu anayesubiri chai. Mara ya tatu mguu wangu wa kushoto ulikumbuka wenyewe pale klachi inapoanza kushika, na tukaondoka. Jamani, ile raha! Mikono inajua, miguu inajua. Kichwa ndicho kilichokuwa na wasiwasi.

Siku ya kwanza tulikwenda Utende, kilometa kama 14 kwa barabara ya lami, minazi na mikorosho huku na huku. Usidhani lakini kwamba barabara tulivu ni barabara tupu. Kuna baiskeli, nyingi tu, baba anapiga pedali na mama kakaa nyuma na kanga zake. Kuna bodaboda, mbuzi, na watoto wanaotoka shule wakitembea watatu watatu. Nilipiga honi. Mzee akanishika mkono taratibu. "Wao wameanza kuwepo hapa, binti. Wewe ndiye mgeni. Punguza mwendo, watakupisha." Nikapunguza. Wakanipisha, tena na salamu juu.

Kabla ya kufika Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Unasimama, unalipa kiingilio, unaendelea. Hata kusimama pale na kuondoka tena bila gari kuzima kulinipa furaha ya ajabu. Pwani ya Utende inatazama Ghuba ya Chole. Tuliacha gari chini ya mti, nikapanda mashua kuvuka hadi Chole, kisiwa kidogo kisicho na gari hata moja, chenye magofu yaliyomezwa na mizizi ya miti na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa. Nilitembea kwa miguu, mabega yakalegea. Nawashauri sana: siku ya kwanza usiendeshe kutwa nzima.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa mtihani. Tulielekea kaskazini kupitia Kirongwe hadi Bweni, ng'ambo kabisa ya kisiwa, njia ya vumbi, mashimo na mchanga. Hapo ndipo mzee alipotoa somo lake kubwa: "Usilitazame shimo. Ukilitazama utaliingia. Tazama pale unapotaka kupita." Kwenye mchanga akaniambia niweke gia ndogo, nikanyage mafuta kwa utulivu, na nisishike breki ghafla. Tulipofika Ras Mkumbi, kwenye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, fulana yangu ilikuwa imelowa jasho na nilikuwa nacheka peke yangu.

Nikampigia baba watoto.

"Uko wapi?"

"Bweni, mwisho wa kisiwa."

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

Kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na lile gari la nyumbani utaliweza?" Nikamwambia nitaliweza. Akajibu, "Basi leo nitalala vizuri." Hapo ndipo nilipojua kwamba ule usiku wa pumu na yeye ulikuwa unamnyima usingizi kule Dodoma.

Kama nawe unataka kurudi barabarani, anza na karatasi: angalia tarehe kwenye leseni yako kabla ya safari. Mafia usiende masika, Machi hadi Mei, barabara za kaskazini huwa tope. Ukienda kati ya Oktoba na Februari, mchana endesha, asubuhi panda boti ukawaone papa potwe karibu na Kilindoni. Jaza mafuta Kilindoni kabla ya kwenda Bweni. Wenye bajeti ndogo wanaweza kupita majini kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti. Na tafuta mtu wa kukaa pembeni asiye mume wala mchumba, maana mapenzi na klachi havikai gari moja!

Ukirudi mjini, anza Jumapili alfajiri, barabara zikiwa bado zimelala. Njia ya kwanza kuizoea iwe ya hospitali, mchana na usiku. Ya saluni itafuata yenyewe.