Kabla ya daktari, kuna sisi

Wiki hii tunaongea juu ya jambo ambalo katika vikao vyetu hupitiwa haraka. Mtu akizidiwa moyoni na akilini, nani anamfikia kwanza? Huku Kasongo na Kabambare jibu tunalijua. Si daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali ya SOSAME, inayotibu wagonjwa hao, iko Bukavu, na wengi wetu hata nauli ya kufika Kindu ni shida. Anayefika kwanza ni jirani, mkunga, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, pasta au imamu.

Wazo la kuanzia karibu si geni kwetu. Katika miaka ya 1970, madaktari wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa Kasongo pamoja na wenyeji. Walipanga vituo vya afya karibu na raia. Muuguzi alimpokea kila mgonjwa, na hospitalini alitumwa yule tu aliyehitaji zaidi. Mpango huo ulisomwa katika nchi nyingi kwa jina la mji wetu. Njia iliyofaa kwa magonjwa ya mwili inaweza kufaa pia kwa huzuni inayotaka kuua mtu.

Sisi walimu wachache tulikaa siku tatu darasani pamoja na wauguzi, wakunga na wajumbe wa afya wa vijiji. Hatukupewa majina marefu ya magonjwa. Tulipewa maneno matatu, yanayotoka katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2011 juu ya msaada wa kwanza kwa mtu aliyeumizwa na msiba au vita: tazama, sikiliza, unganisha.

Kutazama ni kuangalia kwanza kama kuna hatari. Je, ana kisu, kamba au dawa ya wadudu karibu? Je, ana joto la mwili? Mtu aliyeanza ghafla kusema maneno yasiyoeleweka anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uzazi kama amejifungua karibuni. Huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Tukipoteza siku mbili tukitafuta nani amemroga, tunaweza kumzika.

Kusikiliza ni kukaa chini, kuongea pole pole na kutomlazimisha kusimulia aliyoyaona. Wengi waliokimbia mapigano upande wa Salamabila wameshaulizwa habari zao mara nyingi. Kuna siku mtu anahitaji maji ya kunywa na mwenzake wa kukaa naye, basi.

Kuunganisha ni kumfikisha kwa anayeweza zaidi yetu, tukitembea naye. Kumwambia tu "nenda kule" hakutoshi.

Somo lililotushtua wengi lilikuwa hili: ukihofia kwamba mtu anataka kujiua, muulize wazi. Mkunga mmoja alisimama akasema, "Kwetu neno hilo halitamkwi, utamwita shetani." Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwalimu wetu alieleza kwamba swali haliingizi wazo hilo kichwani. Aliye nalo tayari hupata nafasi ya kulitua.

Wiki chache baadaye, mama mmoja aliyekimbia vita alikuja shuleni na binti yake. Tunasimulia kwa ruhusa yake, na mambo madogo tumeyabadili asijulikane. Alituuliza kama tungeweza kumchukua mtoto "moja kwa moja." Hakulia. Mmoja wetu aliyepata mafunzo alimkalisha, akamuuliza: "Mama, unafikiri kujiua?" Akajibu ndiyo, na akasema ni siku gani.

Hatukumhubiria wala kumkaripia. Wawili walitembea naye mpaka kwa muuguzi. Shemeji yake aliondoa dawa ya shamba nyumbani, na wamama wa kartie walilala kwake kwa zamu. Siri yake tuliitunza kwa mengine yote, ila hatari ya kifo tuliwaambia wale waliopaswa kuilinda. Leo bado ana siku mbaya. Lakini yuko hai, na binti yake anasoma.

Je, watu wa kawaida wanaweza kweli? Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa Kivu, kwa wanawake 405 waliopatwa na ukatili wa kingono au kuushuhudia. Waliowasaidia hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake waliofundishwa na kusimamiwa. Katika vijiji vingine walitoa msaada kwa mtu mmoja mmoja. Katika vingine waliendesha vikundi vya tiba kwa mikutano iliyopangwa. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 katika vikundi, na 42 kwa 100 kwa wale wengine.

Tuangalie maneno mawili hapo: kufundishwa na kusimamiwa. Mafunzo ya siku tatu, kisha picha ya pamoja na cheti, hayatoshi. Anayesikiliza machungu ya watu kila siku naye huchoka, na anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu katika kikao kijacho. Kichague wamama wawili wanaojua kutunza siri. Kiende kumuuliza muuguzi wa kituo ni nani wa kuitwa usiku. Na kitenge kiasi kidogo cha akiba kwa pikipiki ya mgonjwa wa akili, kama tunavyotenga kwa mama anayeenda kujifungua. Mafunzo yakija tena, tusipeleke wanaume peke yao.